Herufi Mbili Zilizokosa Nafasi

Harufu ya pasi ya makaa inapokutana na pamba iliyonyunyiziwa maji siijui ifanane na nini. Ni mvuke, ni moshi kidogo, ni sabuni ya mche, na ndani yake kuna kitu kama mkate unaotaka kuungua. Siku hizi nina pasi ya umeme kama watu wengine, lakini wiki iliyopita, nikiwa Mahoko kwa mama yangu mdogo, umeme ulikatika, nikalazimika kuitoa ile yake ya zamani chini ya meza, nikapuliza makaa mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa napiga pasi kitambaa cheupe cha kutundika ukutani, chenye maua pande mbili na neno moja katikati. Neno hilo nililiandika mimi nikiwa na miaka kumi, na nililiandika vibaya. Kosa hilo nimekaa nalo miaka zaidi ya ishirini bila kulisimulia lote, na leo nitalisimulia.

Tulikuwa tunakaa Majengo, hapa Gisenyi, kando ya ziwa na mpaka wa Goma, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Baba alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani ili apate mwanga na apate wa kupiga nao soga. Mama alikuwa anadarizi: mashuka ya maharusi, vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio. Baba alikulia Kigoma, akarudi Rwanda na Kiswahili kilichonyooka na maringo ya kukijua. Mama na mama yake, ambaye sote tulimwita Tate kama wanavyoitwa mabibi upande wa Goma, walikuwa na Kiswahili cha huku kwetu, kile kisichojisumbua na ngeli. Kwa hiyo nyumbani mabishano ya maneno yalikuwa ya kila siku, kama chai.

Mtu wa tano humo ndani alikuwa Aziza, mdogo wake Mama, kitinda mimba wa Tate. Nilimwita Mama Mudogo, na mpaka leo sina jina lingine la kumwita. Tulilala kitanda kimoja. Upepo wa ziwa ukianza kuingia chini ya mlango, alikuwa anaichukua miguu yangu iliyopoa na kuibana katikati ya miguu yake, huku akilalamika, "Yooo, Mwamini, we ni samaki!" Alikuwa akicheka kwa pua, hivi, bila kufungua mdomo, na ukimsikia utacheka hata kama hujui kuna nini. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na naomba Mama asisome hapa.

Siku moja wakaja watu wa Mahoko kumposea Ramazani, dereva wa lori la viazi. Nilimwona mara moja tu: kijana mrefu, mkimya, anayenuka viazi vya shambani na mafuta ya gari. Mama Mudogo alikubali. Mimi hakuna aliyeniuliza, na nililia wiki nzima nikisingizia jino.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Binti akiolewa alisindikizwa na kitambaa chenye neno moja la kumsaidia siku za taabu. Halikuwa neno la mapenzi. Tate alisema mapenzi kila bibi arusi anaenda nayo mwenyewe bila kukumbushwa. Neno lilichaguliwa na wanawake wa nyumba, bibi arusi hakutakiwa kukiona kitambaa mpaka kikunjuliwe kwa wakwe, na kabla ya siku hiyo wanaume hawakutakiwa kukisogelea kabisa. Cha Tate kiliandikwa SUBIRA. Cha Mama kiliandikwa VUMILIA, na kilining'inia juu ya kichwa cha Baba alipokuwa anakula. Alikuwa akikitazama anasema, "Wameandika, lakini hawakusema wazi kwamba ni mimi."

Basi ikabidi kumchagulia Mama Mudogo lake. Ilichukua juma zima. Walibishana wakiosha sambaza, wale dagaa wa ziwani, walibishana wakichagua maharage, na mimi nilikuwa katikati na bakuli langu nasikiliza kama naangalia mpira.

Tate alitaka SUBIRA tena. "Mi nilisubiri," alisema. "Babu yenu alienda Kisangani na biashara yake, mwaka ikapita, ya pili ikapita. Mi nilijua iko njiani. Nikasubiri, akakuja."

"Donc kama haujui kama iko njiani?" Mama akauliza. "Ile sio kusubiri, Mama. Unasubiri kitu yenye itakuja. Kama haujui itakuja ao haitakuja, ile sasa ni kuvumilia. Unafunga mudomo, unaendelea kupika."

Baba alidakia kutoka barazani, mguu haujatoka kwenye cherehani. Alisema neno zuri ni KUSTAHIMILI. Kuvumilia, alisema, ni kwa mtu mwenye jino bovu. Kustahimili ni nguzo, paa linakuja na mvua yake yote na nguzo imesimama.

"Nani amekuuliza?" Mama akasema.

"Nasaidia lugha," Baba akajibu.

"Saidia suruali ya watu. Mwenyewe anakuja kuichukua saa kumi."

Mimi nikataka nami nionekane nina akili. Nikasema, kwa nini tusiandike ZOEA? Tate aliacha maharage akaniangalia. "Ile usiandike hata siku moja," akasema. "Mutu akizoea mateso, amekwisha." Maharage yangu nikayachagua kwa bidii kweli.

Siku ya mwisho ya mabishano hayo Mama Mudogo mwenyewe aliongea. Hakutakiwa. Alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kitenge kifuani, ndoo ya maji bado iko mkononi, na nadhani alikuwa amesikiliza kwa muda mrefu.

"Maneno yenu yote ni ya mutu mumoja," alisema. "Subiri, we pekee yako. Vumilia, we pekee yako. Na ya shemeji, nguzo, nayo inasimama pekee yake. Ariko mi naenda kuishi na mutu. Mi nataka muandike MUVUMILIANE. Yeye na mimi. Sisi wote wawili."

Tate hakupenda bibi arusi ajichagulie, ilionekana usoni. Mama aliangalia chini. Kisha Tate akavuta pumzi, akasema, "Bon. Mutoto amesema." Hata Baba kule nje alikubali, ila akaongeza kwamba kwa usahihi ni MVUMILIANE, bila hiyo *u* ya Goma. Ile *u* ikabaki.

Kazi ya kuandika ikawa yangu. Mama na Tate walisoma Kurani vizuri, nusu yake kwa moyo, lakini herufi za shule hazikuwa zao. Mama alizifuata kwa sindano kama anavyofuata jani la ua: ukimchorea, atakupitishia uzi juu ya mstari wako bila kukosea hata nywele. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, mwalimu wetu alikuwa ameuonyesha darasa zima, na tangu siku ile kichwa changu kilikuwa hakiingii mlangoni. Mama alikuwa amekwishadarizi maua, shada kulia na shada kushoto, mekundu na majani ya kijani. Akanitandikia kitambaa mezani, akanipa penseli, akanipa onyo moja: nisifute. Penseli ikifutwa kwenye pamba nyeupe inaacha weusi ambao hata jiki inahangaika nao.

Nikaanza. Lo, herufi zangu zilikuwa nzuri! Kubwa, zenye tumbo, kila moja na kivuli chake. M ilikaa kama malkia. U. V. Nilitoa ulimi nje, nikasogea, nikajisifu, nikasogea. Nilipoandika I ya pili nikainua macho, na ua la kulia lilikuwa limenifikia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya herufi moja. Zilizobaki zilikuwa tatu: A, N, E.

Nilikaa pale naiangalia ile nafasi kama itapanuka kwa huruma. Kufuta nimekatazwa. Kubana, herufi tatu ndogo kama siafu pembeni ya zile kubwa, ingekuwa aibu yangu mbele ya Mahoko nzima. Ndipo nikajaribu kusoma kwa sauti ya chini na E peke yake mwishoni. Muvumilie. Mbona ni neno? Mbona lina maana? Na nikawaza, kwa akili zangu za miaka kumi: hawa watu wazima wamegombana juma zima kwa subiri na vumilia na stahimili, maneno ambayo mimi nayaona ni yale yale. Kama hayo yote ni mamoja, basi na hili limo. Herufi mbili ni kitu gani?

Nikaandika E. Nikaifanya nzuri kuliko zote.

Mama alidarizi siku nne kwa uzi wa bluu, kila jioni akikikunja kitambaa na kukifungia ndani ya kitenge. Aliniuliza mara moja, "Ni ile neno ya Aziza?" Nikasema ndiyo, Mama. Sikuona kama nadanganya, au niliona kidogo.

Siku ya kumpeleka bibi arusi, Mahoko ilikuwa na ukungu na tope la viazi mpaka mlangoni. Wanawake walikaa kwenye mikeka, vyombo vikaonyeshwa kimoja kimoja: sufuria, mabeseni, chupa za chai, mashuka. Mama Mudogo alikuwa ameketi katikati amefunikwa mtandio. Kitambaa kilikuwa cha mwisho. Mama alikikunjua akakiinua juu kwa mikono miwili, uso wake unang'aa, na vigelegele vikapigwa kwa ajili ya maua.

Upande wa mwanamume alikuwepo shangazi yake Ramazani, Shangazi Hadija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyemlea Ramazani, na alikuwa amesoma. Alisogea, akasoma silabi kwa silabi ili wasiojua kusoma nao wapate. "Mu-vu-mi-li-e. Muvumilie!" Akapiga makofi. "Ee bon! Ile ndio neno! Munasikia? Bibi arusi, umesikia watu ya kwenu? Bwana yako, umuvumilie. Akichelewa, muvumilie. Akikasirika, muvumilie. Wamekufundisha muzuri, Mungu awabariki!"

Vigelegele vikapigwa tena. Chini ya mtandio niliona kichwa cha Mama Mudogo kikiinuka. Alikisoma kitambaa. Kisha akanitafuta mimi kati ya watu wote wale, akaniona, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeomba kitu kimoja tu akapewa kingine.

Usiku ule, nyumbani, Mama aliniita. Hakunipiga, na nilitamani anipige ili yaishe. Alitaka aende mwenyewe kesho yake akirudishe kitambaa, afumue, aanze upya. Tate akakataa: kitambaa kikishapita mlango wa wakwe hakirudi, ni kama kumrudisha binti mwenyewe. Nikaenda kulala kwenye kitanda ambacho ghafla kilikuwa kikubwa sana, na miguu yangu ikabaki baridi mpaka asubuhi. Nililia, na safari hii sikusingizia jino.

Likizo iliyofuata nikapelekwa Mahoko kumsaidia Mama Mudogo. Sebule yake ilikuwa na viti viwili vya mbao vinavyotazamana, kimoja cha Ramazani, kimoja chake. Shangazi Hadija, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ametundika kitambaa juu ya kiti cha Ramazani, ili mke akikaa kwenye chake akione mbele yake. Lakini mimi nilikikuta upande wa pili, juu ya kiti cha Mama Mudogo. Pale kwenye ukuta wa kwanza tundu la msumari lilikuwa bado linaonekana.

"Umehamisha kwa nini?" nikamwuliza.

"Kule kunaingia unyevu," akasema, akacheka kwa pua.

Niliamini. Mahoko kuna mvua sana. Niliona aibu kukiangalia, kwa hiyo siku zote nilikuwa nakipa mgongo.

Miaka ikaenda, na mtoto hakuja. Hapo ndipo nilipoanza kusikia yale maneno ya nyumbani yakirudi, moja moja, na kuona kwamba hayakuwa mamoja kama nilivyodhani. Mwanzoni Mama Mudogo alikuwa anasubiri. Kila mwezi alikuwa na siku zake za kuhesabu. Zile sindano za hospitali na dawa chungu za mizizi, ambazo harufu yake tu ilinifukuza jikoni, alizistahimili; huwezi kusema alizisubiri. Na midomo ya watu aliivumilia. "Mama wa nani?" walikuwa wanamsalimia sokoni, wakijua vizuri kwamba si mama wa mtu. Anafunga mdomo, ananunua karoti zake, tunaondoka. Tate alipomwambia "subiri, mwanangu," nilimsikia akijibu kwa upole kabisa, "Tate, kusubiri ilishaisha. Mi niko kwa ingine sasa." Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilielewa.

Na kila mara nilijilaumu. Nilijiambia kwamba kama ningeandika herufi ndogo kidogo, mambo yangekuwa mengine. Ningempa alichoomba, neno la wawili. Badala yake nilimpa amri, tena mbele ya watu, na sasa alikuwa anaitii peke yake.

Likizo ya mwaka ule, mchana mmoja, nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti namenya viazi. Ramazani alikuwa amerudi safari, yuko kwenye kiti chake na chai. Mama Mudogo alikuwa kwenye chake anashona kifungo. Mara Shangazi Hadija akaingia na wazee wawili wa ukoo, wakapewa mkeka, wakapewa chai, wakasalimia kuanzia ng'ombe mpaka mvua. Nikajua kuna jambo. Watu wa kwetu salamu zikirefuka hivyo, ujue linalokuja ni zito.

"Ramazani mwanangu," Shangazi akasema mwishowe, na sauti yake ile kubwa alikuwa ameishusha. "Mi sina ubaya na huyu mutoto wa watu. Iko na adabu, inapika muzuri. Ariko miaka saba. Ukoo inauliza. Tumesema arudi kwao kidogo, apumuzike. Nawe utafute mwenye atakupa mutoto. Tumevumilia ya kutosha."

Kisu changu kilisimama kwenye kiazi. Mama Mudogo hakuinua kichwa, lakini sindano nayo ilikuwa imesimama. Ramazani, mtu ambaye ukimtoa maneno ishirini kwa siku umeshinda, aliweka kikombe chini. 

"Shangazi," akasema. "Soma pale."

"Wapi?"

"Pale mbele yangu, kwa ukuta. Si we ndio ulisoma siku ile, watu yote wakasikia? Soma tena."

Shangazi Hadija akageuka. Alisoma, safari hii bila makofi. "Muvumilie."

"Ulikuwa unaambia nani?"

"Ee? Nilikuwa naambia bibi yako!"

"Mi ndio nakaa hapa," Ramazani akasema. "Miaka saba mi ndio naangalia ile neno. Nakunywa chai, iko pale. Narudi safari nimechoka, nataka kugombana, iko pale. Hawakuandika bwana. Hawakuandika bibi. Wameandika *mu*. Na mimi nikikaa hapa, ule *mu* ni huyu." Akamwonyesha Mama Mudogo kwa kidevu, aliyekuwa amekaa chini ya kitambaa chake na kifungo mkononi. "We ulinisomea, Shangazi. Ulisema wametufundisha muzuri. Mi nilishika."

Nje lori lilipita, vikombe vikalia kidogo kwenye sahani. Nilimwona Shangazi Hadija akikitazama kile kitambaa kama mtu aliyeuzwa kwa maneno yake mwenyewe, na kusema kweli nilimhurumia, kwa sababu alimpenda yule kijana na alimtakia mtoto. Baadaye akajifunga vizuri kitenge chake. "Nipe chai ingine, Aziza," akasema. Mama Mudogo akainuka, akammiminia mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Ya kurudi kwao haikutajwa tena katika nyumba ile.

Waliishi hivyo. Mtoto Mungu hakuwapa; wakalea watoto wa ndugu, nikiwemo mimi karibu nusu. Mimi nikakua, nikasoma, sasa nafundisha Kiswahili sekondari hapa hapa wilayani kwetu, Rubavu. Wanafunzi wananiuliza tofauti ya kuvumilia na kustahimili, nami nawapa mifano ya kitabuni, na kila mara nafsi inanisuta.

Mwezi uliopita Ramazani alitutoka. Kifua, muda mfupi tu. Watu wakajaa sebuleni na uani. Wanaosema Kinyarwanda waliingia na "mwihangane", wetu wakaingia na "muvumilie", kila mmoja akimshika Mama Mudogo mkono, na wengi wakisema hivyo macho yao yalipanda ukutani. Jirani mmoja mgeni alinivuta pembeni akanisifu. "Mumefanya muzuri kuandikia watu," akasema. Alidhani tumekitundika kwa ajili ya msiba. Neno lile lile, *mu* yake sasa ni ya ninyi nyote, lilikuwa linatuambia sote tuliokuwa mle ndani, na sikuwahi kuliona hivyo, mimi mwalimu wa lugha.

Moshi wa kupikia wageni ulikifanya kitambaa kuwa rangi ya chai. Ndiyo maana wiki iliyopita nilikifua na kukipiga pasi. Na nilikuwa nimekuja na kitu kingine kwenye mkoba: uzi wa bluu. Nilizunguka maduka matatu kuupata unaofanana.

"Mama Mudogo," nikamwambia, pasi bado inafuka. "Nikifumua ile E na kubana, nafasi ipo. Niruhusu niongeze zile mbili."

"Mbili gani?"

"A na N. Zile nilizokunyima."

Alinitazama, na ghafla akacheka kwa pua, kile kicheko, sikuwa nimekisikia tangu msibani. "Mwamini, we bado unabeba ile? Mi nilikasirika siku mbili tu. Siku ya tatu nikachukua nyundo." Kisha kicheko kikaisha. Akageuka kukitazama kiti cha Ramazani. "Na leo ukiniongezea, muvumiliane na nani?"

Uzi niliurudisha mkobani. Miaka yote nilidhani nilimharibia neno lake, na yeye siku ya tatu tu alikuwa amelirekebisha kwa msumari, kwa kuchagua ukuta. Lile la wawili alilolitaka alilipata, bila mimi kumwandikia.

"Acha vile," akasema. "Ila usirudishe pale kwangu. Kile kiti haina tena mutu wa kusoma. Weka kule, nikikaa niione."

Nikapanda juu ya kiti cha Ramazani, nikalitafuta lile tundu la kwanza, la Shangazi Hadija. Lilikuwepo bado. Nikapigilia msumari, nikatundika, nikakinyoosha. Mama Mudogo aliketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani, akasoma polepole huku midomo ikitembea.

"Na huyo *mu* sasa ni nani?" nikamwuliza.

"Ni Aziza," akasema. "Siku hizi anachoka mbio, analia ovyo. Namuvumilia."